Mama asiyetaka kuandikwa: uchambuzi wa kisa cha leba moja mkoani Kigoma

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya mazungumzo ya wakunga, matabibu na watumishi wa mapokezi. Hakuna mama mmoja wala kituo kimoja nyuma yake, ila vipande vyake ni vya kawaida kwenye wodi za wazazi. Tumekiweka mkoani Kigoma, katika kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji na friji ya damu, mbali kiasi na hospitali ya rufaa ya mkoa ya Maweni.

Dakika 25 za benchi

Saa 3:40 usiku bodaboda inamshusha mama mjamzito langoni. Yuko peke yake na begi la mgongoni: doti ya kanga, nailoni ya kuzalia, glovu, wembe mpya, pamba. Uchungu unamjia kila baada ya dakika tatu hivi.

Dirishani anaulizwa kwa mpangilio wa daftari: jina, umri, kijiji, jina la mume, namba ya simu, kadi ya kliniki. Anajibu umri tu, miaka 27. Kadi, anasema, imepotea. Kuhusu jina: "Andika mama tu, inatosha." Mhudumu anamjibu kwa sauti ya kawaida ya dirishani, yaani sauti inayofika hadi mti wa mwembe ulipo: "Dada, hapa hatupokei watu wasio na majina." Anaongeza swali kama ameshapima Virusi vya UKIMWI. Mama anasema hapimwi. Kwenye benchi la ndugu mtu ananong'ona kwamba lafudhi hiyo ni ya ng'ambo ya mpaka, atakuwa anaogopa Uhamiaji.

Saa 4:05 chupa inapasuka akiwa bado benchini, ndipo anapoingizwa leba.

Katika dakika hizo 25 hakuna aliyempima presha wala kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Kosa la kwanza la kisa hiki ndilo hilo. Kukataa kutaja jina kuligeuzwa mlango, na vipimo vikawekwa nyuma ya mlango huo. Huduma za uzazi katika vituo vya umma ziko kwenye msamaha wa malipo, kwa hiyo hata hoja ya "tutamdai nani" haikuwepo. Kilichokuwepo ni mazoea: daftari lina safu ya jina upande wa kushoto, na mkono wa mwandishi huanzia kushoto.

Ule mnong'ono wa benchini nao tuumalize mapema. Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, na Kirundi ni lugha za karibu sana, wasemaji wake husikilizana bila mkalimani, kwa hiyo lafudhi haithibitishi uraia wa mtu. Na hata kama mama ni Mrundi, awe ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Nduta, au amevuka wiki iliyopita, njia ya uzazi hufunguka sentimita zilezile. Mkunga si ofisa wa Uhamiaji, na ni vizuri hilo lisemwe kwa maneno machache mbele ya mama anayeonekana kuliogopa. Katika kisa hiki, hata hivyo, dhana hiyo haikuwa kweli, na ubaya wake mkubwa ni kwamba iliwafanya watumishi waache kutafuta sababu nyingine.

Mwili unavyojieleza, na pale unaponyamaza

Mkunga wa zamu anaanza na mikono. Presha 124/78, mapigo ya mama 92, joto 36.9. Kimo cha mji wa mimba sentimita 37, mtoto amelala wima na kichwa kimetangulia, moyo wake unapiga 142 kwa dakika (kawaida ni 110 hadi 160). Hakuna kovu la upasuaji tumboni. Maji yaliyopasuka hayana rangi ya kijani. Njia imefunguka sentimita 6. Mkojo hauna protini, wingi wa damu ni 10.1, kipimo cha malaria hakioneshi vimelea. Mama amekubali kutolewa damu ya wingi na ya kundi. Ya VVU bado anakataa.

Kwa mama asiyesema lolote, orodha hiyo tayari ni mali nyingi. Kovu la tumbo huonekana, ingawa kovu la chini la mlalo hujificha kwenye mkunjo wa ngozi na ni lazima litafutwe kwa makusudi, taa ikiwa karibu. Dalili za kifafa cha mimba zinapimika. Umri wa mimba unakadirika kwa kimo, kwa makosa ya wiki mbili hivi huku na huku.

Lakini kuna yasiyoandikwa popote mwilini: kutokwa damu nyingi katika uzazi uliopita, kondo la nyuma lililowahi kukwama, mzio wa dawa, pumu iliyotulia, dawa za kila siku, na dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu zilizonywewa jioni hiyo. Hizi za mwisho zinastahili sentensi yao wenyewe. Mama aliyekunywa kitu kinachobana mji wa mimba, kisha akawekewa dripu ya oksitosini (dawa ya kuubana mji wa mimba) kwa kudhani uchungu wake ni dhaifu, anaweza kupasuka kizazi, na huyo wa kumwekea dripu atakuwa hajui alichoongeza juu yake.

Mama anasema hii ni mimba ya kwanza. Mkunga, wakati wa kupima njia, ameshaona kovu la zamani la kuongezwa njia. Anakaa kimya juu ya hilo kwa muda, na uamuzi huo ni sahihi. Mama anayedanganya katikati ya uchungu huwa anaulinda uongo wake kwa nguvu zaidi akiumbuliwa.

Maswali sita

Mkunga anavuta pazia, anamtoa mwanafunzi aliyekuwa amesimama mlangoni, anakaa ili macho yawe usawa mmoja.

"Mdogo wangu, jina sikuulizi. Nina maswali sita, na kila moja nitakwambia linanisaidia nini. Usilotaka kulijibu, sema tu 'sitaki', nitaandika kwamba hukutaka. Ila usinipe jibu la uongo, maana nitafanya kazi kwa hilo jibu."

Kanuni iliyo ndani ya maneno hayo ndiyo tungependa ibaki na msomaji. "Sitaki" ni taarifa kamili. Mkunga akiandika "amekataa kujibu", timu inajiandaa kwa lile baya zaidi linalowezekana. Uongo huiondolea timu maandalizi. "Mimba ya kwanza" ikiandikwa kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, hakuna atakayeuliza kondo la mtoto aliyetangulia lilitokaje. Ukimbana mtu hadi akose nafasi ya kusema "sitaki", umemsukuma kwenye uongo kwa mikono yako.

Maswali yenyewe, kwa mpangilio wa uharaka:

Mimba ya ngapi, na waliotangulia walizaliwaje: kuna upasuaji, damu nyingi, kondo kukwama, mtoto kufariki? Hili linaamua kama kanula (mrija wa kubaki kwenye mshipa) iwekwe sasa au baadaye, na kama chumba cha upasuaji kipewe taarifa.

Uchungu ulianza saa ngapi? Leo umekunywa dawa gani, ya hospitali au ya nyumbani? Hapo linaambatana swali la chakula cha mwisho, kwa sababu ya dawa ya usingizi.

Kuna ugonjwa wowote: presha, kifafa, kisukari, moyo, pumu, selimundu?

Kuna dawa unayotumia kila siku? (Sikia lilivyoulizwa. Halikutaja ugonjwa.)

Kuna dawa iliyowahi kukuwasha mwili, kukuvimbisha au kukubana pumzi?

Hedhi ya mwisho ilikuwa lini, au kliniki walikwambia utajifungua lini?

Jina la mume halimo. Kijiji hakimo, wala dini, kabila na namba ya kitambulisho. Yote hayo ni maswali ya daftari, na daftari halitoki damu. Yana kazi yake, ya takwimu, ya ufuatiliaji wa mtoto, ya tangazo la kizazi, lakini kazi hiyo inaweza kungoja hadi asubuhi au hadi wiki ijayo.

Mama anajibu matano kwa ufupi. Kwa la kwanza anarudia: mimba ya kwanza. Kwa la dawa za kila siku anakaa kimya, uchungu unakuja, unapita. Halafu anauliza yeye: "Sista, unaandika wapi? Na nani anasoma?"

Hilo ndilo swali la usiku ule. Mtumishi anayejibu "usijali, ni siri" hajajibu chochote. Siri ni neno ambalo mama amelisikia mara nyingi na kuona linavyovuja. Jibu linalofaa ni la vitu: karatasi hii ya patografu inakaa hapa kichwani mwa kitanda hadi utoke leba; jalada linaingia kabatini; kitabu cha MTUHA, yaani cha takwimu za huduma, cha wodi ya wazazi kinajazwa na mkunga wa zamu; anayeshika dirisha la mapokezi hana kazi na kurasa hizi. Mkunga anamwonesha ukurasa wenyewe. Kwenye mstari wa jina pana namba tu, 0417.

Ndipo yanatoka yote kwa pamoja. Ni mimba ya tatu. Uzazi wa pili, kondo lilikwama, likatolewa kwa mkono, naye akaongezewa damu. Anatumia dawa za kufubaza VVU kwa mwaka wa tatu, anazichukua kwenye kituo cha wilaya nyingine, na aliambiwa virusi havionekani. Na yule dada wa dirishani ni wifi yake wa ukoo, mtoto wa baba mdogo wa mumewe. Hakumtambua kwa sababu ya giza na mtandio.

Kadi moja imefunga mengi

Kadi ya kliniki haikupotea. Iko chini ya begi, imefungwa ndani ya kanga.

Kadi ya wajawazito, ile RCH-4, imebuniwa vizuri kwa mtu asiye na cha kuficha. Ndani yake kuna kila kitu: jina, la mume, kijiji, mimba zilizopita, kundi la damu, presha ya kila hudhurio, kipimo cha kaswende, hali ya VVU kwa alama fupi badala ya maneno. Nia ya alama ni kuficha, lakini alama inayojulikana na kila mhudumu, na hata na akina mama wengi waliokaa kliniki miezi sita, haifichi sana. Kwa hiyo mama aliyetaka kuzuia alama moja isisomwe na mtu mmoja alilazimika kuficha kadi nzima. Kondo lililokwama likafichika humohumo, ingawa halikuwa siri kabisa. Angelimwambia mtu yeyote sokoni. Halafu, kwa kuwa hana kadi, ilibidi asiwe amewahi kwenda kliniki. Na kwa kuwa hajawahi kwenda kliniki, ikawa rahisi kusema ni mimba ya kwanza. Uongo mmoja huzaa ndugu zake kwa utaratibu huo.

Ndiyo maana kuuliza "kadi yako iko wapi?" mara ya pili na ya tatu hakusaidii. Kinachosaidia ni kuvipasua vilivyofungwa pamoja: historia ya uzazi peke yake, dawa peke yake, jina peke yake. Mara nyingi mtu anakataa kimoja tu.

Sheria iko upande wa utaratibu huu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari na matokeo yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Swali la VVU lililoulizwa dirishani, benchi likisikiliza, liliharibu usiri kabla hata jibu halijatolewa: atakayekataa kujibu ameshahesabiwa.

Vituo vidogo vina tatizo lao. Kituo kimoja huhudumia kata ambamo mhasibu ni shemeji wa huyu na mlinzi ni mjomba wa yule. Watu huvuka wilaya kwenda kuchukua dawa kwa sababu hiyo, na nauli hiyo hailipwi na mtu. Huwezi kuajiri watumishi wasio na ndugu. Unaweza kupunguza mikono inayoshika jalada, na unaweza kumuuliza kila mama leba, kama swali la kawaida: "Kuna mtu yeyote anayefanya kazi hapa ambaye usingependa akuhudumie?"

Namba badala ya jina

Kumhudumia mtu kwa namba ni jambo linalowezekana kabisa, lakini lina ufundi wake. Wanaoharibu ni wale wanaoandika "Mama Asiyejulikana" na kuishia hapo. Usiku mmoja wakiingia wawili, sampuli za damu zinaanza kutembea.

Namba iwe moja, ya jalada, haijawahi kutumika na haitatumika tena. Ambatanisha tarehe na saa ya kuingia, ili pawe na vitambulisho viwili vinavyolingana. Iandikwe kwenye bangili ya mkononi. Isipokuwepo, plasta pana na kalamu isiyofutika. Iandikwe kwenye patografu, kwenye fomu ya maabara, na kwenye chupa ya sampuli, hii ya mwisho ikiandikwa kando ya kitanda baada ya kutoa damu, si kabla na si mezani. Plasta ya mtoto mguuni ibebe namba hiyohiyo ya mama, jinsi na saa ya kuzaliwa, na iwekwe kabla hajaondoka chumbani.

Jina la kubuni, tofauti na namba, ni mtego. Mama atalisahau, akiitwa kwa jina hilo saa 9 usiku hatageuka. Kadi ya kuazima ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa inakuja na kundi la damu la mtu mwingine, presha ya mtu mwingine na majibu ya VVU ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo damu haitolewi kwa kufuata kundi lililoandikwa kwenye kadi yoyote, hata iwe ya mwenyewe: sampuli mpya, kundi jipya, kulinganisha upya.

Idhini ya upasuaji nayo haihitaji jina maarufu. Namba, alama ya dole gumba, saa, na shahidi mtumishi vinatosha kuonesha kwamba aliyelala pale amekubali. Mtu wa kuitwa katika dharura achaguliwe na mama mwenyewe, na anaweza kuwa rafiki. Mama wa kisa hiki alitoa namba ya simu ya jirani, kwa sharti aambiwe "yupo, anaendelea" na si zaidi.

Kondo

Baada ya kujua, mkunga amefanya mambo manne kabla mtoto hajatoka: kanula nene mkononi, sampuli ya kulinganisha damu maabara, oksitosini tayari kwenye bomba la sindano, na simu kwa tabibu wa upasuaji aliyekuwa amelala nyumba za watumishi. Patografu inaendelea: moyo wa mtoto, mapigo ya mama na uchungu kila nusu saa, njia kupimwa tena baada ya saa nne au dalili ikitokea.

Mtoto wa kike anazaliwa saa 7:12 usiku, gramu 2,900, analia. Oksitosini uniti 10 kwenye paja ndani ya dakika moja. Dakika 30 zinapita, kondo halijatoka. Damu kwenye chombo cha kupimia imefika mililita 600 na inaendelea. Saa 7:50 mapigo ni 118, presha 92/54.

Kondo linatolewa kwa mkono baada ya dawa ya maumivu na dozi moja ya antibayotiki. Dripu ya oksitosini inaanza, na gramu 1 ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, inaingia kwenye mshipa polepole kwa dakika 10. Traneksamiki ina saa 3 tu tangu mama ajifungue, baada ya hapo haisaidii. Damu iliyopotea kwa jumla inakadiriwa mililita 1,300. Kipimo cha wingi kinashuka hadi 6.4, na chupa ya kwanza ya damu inaitwa.

Hapa linatokea kosa la pili. Wakati wa vurugu, mtumishi mmoja kwa nia njema amefungua begi kutafuta kanga kavu, ameiona kadi, na amekimbia kuandika jina kamili kwenye jalada jipya na kwenye kichwa cha fomu ya kuongezewa damu. Chupa inafika ikiwa na lebo ya namba. Fomu ina jina. Bangili ina namba. Muuguzi anayehakiki anasimama.

Alifanya vyema kusimama. Damu iliyolinganishwa kwa namba 0417 ni ya 0417, na hakuna karatasi inayosema kwamba jina lile na namba hii ni mtu mmoja, isipokuwa maneno ya mtu aliyekuwa anakimbia. Zilipotea dakika 14 hadi fomu ya kwanza ilipopatikana, ikarudishwa kwenye namba na kuhakikiwa na watu wawili kando ya kitanda. Mama akaongezewa chupa mbili. Kundi baya la damu linaweza kuua hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo dakika 14 zilikuwa bei halali, ila haikuwa lazima kulipwa. Kanuni ni fupi: mgonjwa aliyeanza kwa namba anabaki na namba hadi damu iishe kuingia na atulie. Jina likipatikana katikati, linawekwa pembeni kwenye karatasi moja. Likilazimika kubadilishwa, sampuli mpya inatolewa na kulinganishwa upya.

Kufungua begi bila ruhusa ni jambo jingine, na hatutalilainisha. Mama alikuwa macho. Angeulizwa, angejibu.

Mtoto, dawa na dirisha la asubuhi

Kwa mtoto, maneno mawili ya mama saa 4:30 usiku yalibadilisha mpango wote. Angenyamaza, mtoto angehesabiwa kuwa wa mama asiyejulikana hali yake, na siku za kwanza zingepotea katika kubembelezana juu ya kipimo. Alianzishiwa nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga na VVU, ndani ya saa chache: miligramu 15 mara moja kwa siku, yaani mililita 1.5 ya dawa yenye miligramu 10 kwa kila mililita, kwa wiki 6. Uzito ungekuwa kati ya gramu 2,000 na 2,499, dozi ingekuwa miligramu 10.

Lakini neno la mama kwamba virusi havionekani linahitaji kuthibitishwa, kwa kuwa kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani mtoto wa mama mwenye virusi vingi huongezewa dawa nyingine. Asubuhi, kwa ruhusa yake na mbele yake, mkunga alipiga simu kwenye kliniki yake ya tiba na matunzo akitumia namba ya kadi ya kliniki hiyo, bila jina. Jibu lilikuja kwa dakika tano: kipimo cha miezi miwili iliyopita, virusi havionekani. Vidonge vyake vilikuwa kwenye kopo lililobanduliwa lebo. Muuguzi mgeni angeweza kuvitupa kama dawa zisizojulikana, kwa hiyo mpe mama bahasha yenye namba yake badala ya kuliacha kopo kwenye kabati la wazi.

Saa 2 asubuhi ndugu wa mume wakafika. Kumbe mtu wa benchini alikuwa amepiga simu. Walitaka kujua kama "yupo hapa fulani binti fulani". Jibu la kituo liwe moja kwa kila anayeuliza, hata kwa mama asiye na siri yoyote: "Tuachie jina lako, tutaulizia, kama yupo na anataka, atakuita." Likitolewa kwa wote, halimchomi yeyote. Likitolewa kwa mmoja tu, limeshatangaza.

Mama alikubali kumwona mama mkwe, pale wodini, mtoto akiwa ananyonya. Chupa ya nevirapini ilikuwa kwenye droo ya wauguzi. Alipangiwa kuichukua na kuendelea na mahudhurio kwenye kituo chake cha zamani, pamoja na kipimo cha tone la damu lililokaushwa mtoto akifika wiki 6.

Lilibaki daftari. Tangazo la kizazi ndilo mlango wa cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na hapo namba haitoshi: linataka jina halisi la mama. Kizazi kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kulifuata jina leba saa 3:40 usiku. Jina la baba linaweza kubaki wazi mama akiandikisha peke yake. La mama likiwa la kubuni, mtoto atasumbuka kulirekebisha siku ya kuanza shule. Aliyeeleza hayo siku ya tatu alikuwa mkunga yuleyule, akiwa na fomu mkononi na saa za kutosha.

Mama alisoma fomu yote kwanza, akaona haina safu ya ugonjwa. Akataja majina matatu, la mtoto, lake na la mumewe. Kwenye kitabu cha wodi mkunga alikata namba 0417 kwa mstari mmoja unaosomeka, akaandika jina juu yake, tarehe na sahihi, akakifungia kabatini kabla ya kwenda kukabidhi zamu.